Kijiti cha Shaban na Kitufe cha Mama Tekla

Ijumaa iliyopita nilikabidhi ufunguo wa droo yangu. Ndani nimewaachia stepla iliyokwama, disketi tatu ambazo hakuna mashine ya kuzisoma tena, na kijiti cha mninga cha urefu wa kidole, ncha moja imepakwa rangi nyekundu. Mmoja wenu akaniuliza kama kile ni cha kukorogea chai. Nilicheka, nikamwambia nitaandika. Haya, naandika. Nani alinipandisha cheo na lini, sitawachosha. Hayo hata mie mwenyewe nimeshayasahau, isipokuwa yale yaliyoniudhi. Nitasema habari ya kazi, na hasa wiki moja ya kazi, maana yote niliyowafundisha nyie kuhusu kupanga vitu kwenye kioo cha kompyuta yalitoka kwenye wiki ile.

Nilianza Kinondoni, miaka ile milango ya biashara imefunguliwa na kila mtu anauza kila kitu. Ukitembea barabarani unakuta friji la Dubai limesimama nje ya duka la mchele. Kompyuta nazo zikaingia kwa mtindo huo huo, na waliozinunua wakatafuta watu wa kuwaeleza wamenunua nini. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya umeme. Mwenye ofisi alikuwa Bwana Mtulia, zamani mwalimu wa hesabu, mtu aliyejifunza kompyuta kwa vitabu vya kuazima na kwa ukaidi. Siku ya kwanza nilikwenda na viatu vipya vya kisigino nilivyonunua kwa ajili ya siku hiyo. Akanivulisha mlangoni, kwa sababu ya vumbi, nikashinda kutwa peku na viatu vyangu vikitazama barabara.

Hakunifundisha kitu siku hiyo. Alinipa bisibisi na mashine moja mbovu, akasema niifungue, niifute vumbi, niifunge, na ikigoma kuwaka nivae viatu vyangu niende. Nilikuwa nimekuja na brashi ndogo ya mume wangu kwenye mkoba. Shaban alikuwa mwandishi wa mabango, nyumba yetu ya Kiwalani ilikuwa na brashi nyingi kuliko vijiko. Nikafuta kwa brashi ile kila kona, nikafunga. Ikawaka. Bwana Mtulia akatazama, akasema nije kesho na ndala.

Mwaka wa tatu nikawa ndiye ninayechora madirisha. Nyie mnajua maana yake, lakini nawaandikia na wajukuu zangu: dirisha ni ile sura ya programu anayoiona mtu, visanduku vya kuandikia na vitufe vya kubonyeza. Kioo cha kompyuta ni nukta tupu, nukta ndogo ndogo zilizopangwa mistari. Vioo vya wateja wetu vilikuwa vidogo, nukta mia sita na arobaini kwa upana, mia nne na themanini kwenda chini. Mie nilikuwa nimepewa kioo kikubwa kilichotoka Dubai, na kile kioo kilinitia kiburi, sifichi. Watu walikuwaga wanapanda ngazi kuja kukitazama tu.

Nilijua wateja wana vioo vidogo, kwa hiyo nilichora kwa hesabu. Kila kisanduku nilikipa mahali pake kwa kuhesabu nukta kutoka kona ya juu kushoto, na nilijaza mpaka nukta ya mwisho. Ungetazama dirisha langu ungedhani sanduku la harusi lililopangwa na mashangazi, hakuna upenyo hata wa leso. Mstari wa mwisho kabisa, mkono wa kulia, ndipo nilipokuwa naweka kitufe cha Hifadhi. Usipokibonyeza hicho, ulichoandika kinapotea. Nilijiona fundi.

Hapo ndipo tukapata kazi ya bohari la vipuri vya malori, kule Chang'ombe. Lilikuwa mali ya umma, likauzwa, na mwenye mali mpya akaleta meneja mpya, Bwana Kimaro, mtu wa suti hata kwenye joto la mwezi wa pili. Alitaka leja zote za bohari ziingie kwenye kompyuta. Akawaambia makarani kwamba atakayeshindwa mashine atapunguzwa kazini. Neno hilo, kupunguzwa, miaka ile watu walikuwa wanalitamka kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa wa jirani.

Karani mkuu wa bohari alikuwa Mama Tekla. Mtu wa Masasi, aliletwa Dar akiwa bi harusi, akaingia bohari lile akiwa kijana, na sasa alikuwa na miaka zaidi ya ishirini pale. Mume alikuwa ameshafariki, watoto wawili bado wako shule, na kazi ile ndiyo iliyowaweka shule. Ukimtajia beringi anakwambia rafu, safu, na nani aliichukua mara ya mwisho na alikuwa na haraka gani. Leja zake zilikuwa na mwandiko ambao mie mpaka leo nauonea wivu. Ila macho yalikuwa yanamwisha. Miwani yake ilikuwa na mkono mmoja, wa pili ulikuwa uzi.

Asubuhi ya kufunga programu kwenye mashine za bohari niliwafundisha makarani wote kwenye mashine ya ofisi ya meneja. Jaza visanduku, ukimaliza shuka chini kulia, bonyeza Hifadhi. Wakaelewa. Wakati nakusanya disketi zangu niondoke, Mama Tekla akanishika mkono akanivuta mpaka kwenye meza yake. Aliongea chini chini, akichungulia mlango wa meneja.

"Mwanangu, hivi vidudu havikui?"

Nilicheka. Nikamwambia vinakua, tena sasa hivi. Nikafungua mipangilio ya mashine, nikageuza herufi ndogo kuwa kubwa, nikaizima nikaiwasha. Ilipowaka herufi zote zilikuwa zimenona. Mama Tekla alipiga makofi, akaniombea kwa Mungu watoto pacha. Nikabeba mkoba wangu nikaondoka nimejaa wema.

Sikufungua programu yangu mwenyewe nikaitazama kwenye mashine ile baada ya kukuza herufi. Kosa langu ndilo hilo, na nataka mlisome mara mbili. Sekunde kumi tu zingetosha.

Siku ya tatu akapiga simu. Kitufe hakipo, alisema. Nikamwambia kipo, Mama, chini kulia. Akapiga tena kesho yake, na mie nikajibu vile vile, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kuvaa shati. Mara ya tatu nilishusha pumzi, na najua aliisikia, maana aliniomba radhi. Baada ya hapo hakupiga tena.

Alichofanya ni kile ambacho angefanya mtu wa leja. Kwenye leja ukishaandika umeandika, wino ukikauka hakuna wa kuuondoa. Basi Mama Tekla akawa anajaza visanduku kwa mwandiko wake wa subira, anakaa kidogo, ati wino ukauke, halafu anafunga dirisha anakwenda kipuri kinachofuata. Wiki mbili alifanya hivyo. Kila jioni alikuwa anaandika kwenye karatasi amemaliza vipuri vingapi, na kila asubuhi meneja anafungua mashine hakuna hata kimoja.

Bwana Kimaro akatuandikia barua. Swali lilikuwa moja: kosa ni la programu au la mtu? Nilijibu mie mwenyewe, siku hiyo hiyo. Nikaandika kwamba programu imejaribiwa na haina kasoro, na kwamba mtumiaji anaonekana kutoimudu mashine. Nikalipenda hilo neno, mtumiaji. Nikatia saini, nikagonga muhuri, nikaenda kunywa chai.

Jumatatu iliyofuata, saa nne hivi, nikasikia mtu anapanda ngazi polepole. Mama Tekla. Alikuwa ameomba ruhusa ya hospitali. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akatusalimu, mie nikampa shikamoo yake, akakaa ukingoni mwa kiti. Akatoa kwenye pochi karatasi ya leja iliyokunjwa mara nne.

"Sikuja kulalamika, mwanangu," alisema. "Nimekuja unioneshe kilipo. Ijumaa wanasoma majina, na la kwangu limo."

Nikaikunjua karatasi. Alikuwa amechora kioo chake chote kwa penseli na rula. Kila kisanduku kimewekwa mahali pake, na jina lake limeandikwa juu yake kwa ule mwandiko: Namba ya Kipuri, Jina, Rafu, Safu, mpaka Maelezo. Chini ya Maelezo alikuwa amechora ukingo wa kioo, na chini ya ukingo akachora meza, na juu ya meza kikombe chake cha chai. Mtu aliyechora mpaka kikombe hawezi kusahau kitufe. Na mie, Mungu anisamehe, bado nilifungua mdomo kusema kipo.

Bwana Mtulia alinyoosha mkono akaichukua. Akaiweka pembeni ya kioo changu kikubwa, akahesabu mistari ya Mama Tekla kwa kidole: saba. Akahesabu ya kwangu: tisa. Hakupandisha sauti. Aliniuliza mistari miwili imekwenda wapi, kisha akaniambia nivae viatu.

Tukaenda wote wawili Chang'ombe, mie na Mama Tekla, sikumbuki tulizungumza nini njiani. Nilipofika mezani kwake nikaona kompyuta imevalishwa kitambaa cha kufuma, cheupe chenye maua ya waridi, kimeangukia mbele ya kioo kama vile tunavyovalisha redio nyumbani. Moyo ukanitulia. Nikakivua kwa madaha, nikamwambia Mama, ona, kitambaa chako ndicho kilichokuwa kinaficha. Aliniangalia kwa huruma. Akasema anakivuaga kila asubuhi kabla ya kuwasha.

Nikawasha. Nikafungua programu yangu. Herufi zilizonona zikaja, na dirisha likanenepa kuzifuata herufi, maana ndivyo mashine zile zilivyokuwa. Kioo hakikunenepa. Mistari saba ikakaa, miwili ya chini ikamwagika nje ya ukingo, na kitufe cha Hifadhi kikaenda nayo. Hakikuwepo. Nilichomwambia mara tatu kwamba kipo, hakikuwepo, na aliyekiondoa ni mie nilipokuza herufi, nikaombewa hata pacha juu yake. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena kazini. Nilimwambia hivyo hivyo, kwamba kosa ni langu lote, na yeye akanivutia kiti.

Nilikwenda kwa Bwana Kimaro nikamwambia barua yangu aichane. Alinisikiliza akiwa anapanga kalamu. Akasema barua ina muhuri, majina yameshachapwa, lakini hataki kusemwa kaonea mjane. Ijumaa saa nne asubuhi atampa Mama Tekla vipuri kumi mbele yake. Akiviingiza na vikaonekana, jina linatoka. Asipoweza, litasomwa na mengine mchana. Nikamwomba kioo kikubwa kwa ajili ya Mama Tekla. Akaniuliza kama ofisi ile ni sinema.

Njia ya haraka ilikuwa kurudisha herufi ndogo. Tulijaribu pale pale. Mama Tekla aliinamia kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu, akaandika sita mahali pa nane, tatu mahali pa tano. Kwenye vipuri, namba moja ikikosewa lori linakaa juu ya mawe mwezi mzima. Akavua miwani akaifuta kwa kanga, akaniuliza kama nina njia nyingine. Nikamwambia ninayo. Sikuwa nayo.

Jumanne nilipofika kazini kioo changu cha Dubai hakikuwepo mezani. Bwana Mtulia alikuwa amekihamishia kwake, na mahali pake ameweka kile kidogo kuliko vyote, kilichokwaruzwa, cha mashine ya kwanza niliyoifuta vumbi. Alikuwa ameshaweka herufi kubwa. Akasema kuanzia leo ninafanyia kazi pale. Nilinuna mpaka saa sita, kisha nikaanza kusogeza vitu. Nikapunguza nukta huku, nikabana kisanduku kule. Kitufe kilirudi, lakini sasa namba ya kipuri yenye tarakimu kumi ilionyesha nane na nusu, herufi zimekatwa kiunoni. Nikipanua kisanduku, kinamsukuma mwenzake nje. Na dirisha lile lile nikilipeleka kwenye mashine ya herufi ndogo, vitu vimekaa mbalimbali kama watu waliogombana.

Jumatano asubuhi nikasema potelea mbali, natengeneza programu mbili, moja ya herufi ndogo, moja ya kubwa. Bwana Mtulia aliniuliza swali moja tu: akija anayetaka kubwa zaidi, nitaandika ya tatu? Nikakusanya vitu vyangu. Nikamwambia kichwa kinaniuma nakwenda nyumbani. Hakunizuia, na sikuwa nadanganya.

Shaban siku hiyo alikuwa na kazi jirani tu na kwetu, ukuta wa saluni mpya ya nywele. Biashara zilikuwa zinachipuka Kiwalani kila mtaa, na kila moja inataka jina ukutani, kwa hiyo mume wangu alikuwa na kazi nyingi kuliko fundi yeyote ninayemjua. Nilimpelekea chai na mihogo, nikakaa kwenye ndoo ya rangi iliyofunikwa, nikamtazama kwa sababu sikuwa na la kufanya. Pembeni yake kulikuwa na kibao kidogo cha saluni hiyo hiyo, cha kuning'iniza mlangoni, alichokimaliza jana. Maandishi yale yale. Na yote mawili yalikuwa yamekaa sawasawa, kila herufi ina nafasi yake.

Lazima niwaambie kwamba Shaban hakuzaliwa hivyo. Kibango chake cha kwanza kabisa kilikuwa cha kinyozi, na alianza kushoto kwa herufi kubwa za kujiamini, alipofika kulia mbao ikamwishia, herufi nne za mwisho zikabanana zimepanda juu kama mbuzi kwenye kichuguu. Kinyozi alikikataa. Kibango kile tulikitumia miaka mingi kama mlango wa banda la kuku.

Nilimwuliza anafanyaje siku hizi. Akatoa sikioni kijiti kifupi chenye ncha nyekundu, kingine kirefu kikiwa chini kwenye makopo ya rangi. Akaniambia anachora kwanza herufi moja kwa ukubwa anaoutaka mwenye duka, halafu anakata kijiti kulingana na unene wa herufi hiyo, na hicho ndicho kipimo cha kila kitu: kati ya herufi na herufi kijiti kimoja, kati ya neno na neno vinne, ukingoni viwili. Rula hana. Kibao kidogo kina kijiti chake kifupi, ukuta una kijiti chake kirefu, hesabu ya vijiti haibadiliki.

"Mie sipimi ukuta, Zuhura," alisema. "Napima herufi, halafu ukuta naugawia."

Nikaweka kikombe chini. Nikamwuliza, na nafasi ikiwa ndogo? Akanionyesha chini ya ukuta. Jina la mwenye saluni lilikuwa limeshaandikwa pale kwenye ukingo, kabla ya neno lolote la juu. Akasema hilo analiandikaga kwanza, kwa kuwa ndilo likikosekana linamletea ugomvi. Yanayobaki yatajipanga kwenye nafasi inayobaki, na yakizidi anageukia ukuta wa pili.

Nilisimama nikamwomba kile kijiti kifupi. Akasema bado ana kibao cha pili cha kuandika nacho. Nikakichukua hivyo hivyo, nikarudi Kinondoni mbio mbio na kichwa hakiumi hata kidogo.

Miaka yote nilikuwa napima ukuta. Nukta za kioo ndizo zilikuwa rula yangu, na rula yenyewe haijui herufi ina unene gani. Nilifuta hesabu zangu zote. Nikaandika upya hivi: kabla dirisha halijafunguka, programu iiulize mashine iliyomo herufi zake zina upana gani na kimo gani, na hicho ndicho kiwe kijiti. Kisanduku cha tarakimu kumi kina upana wa herufi kumi na nusu, ziwe nene ziwe nyembamba. Kati ya mstari na mstari, nusu ya kimo cha herufi. Halafu kitufe cha Hifadhi kitangulie kabla ya vyote, kining'inizwe kwenye ukingo wa chini wa kioo. Visanduku vije baadaye, vigawane kinachobaki, na visipoenea viende ukurasa wa pili, pawe na kitufe cha Endelea kando ya Hifadhi.

Alhamisi alasiri nilikuwa na disketi mkononi. Tuliijaribu kwenye kioo kilichokwaruzwa, herufi ndogo, ikakaa. Herufi kubwa, ikakaa, mistari miwili ikageukia ukurasa wa pili kwa adabu. Tukaipeleka kwenye kioo cha Dubai, ikakaa kama imezaliwa pale. Bwana Mtulia alizima akawasha, akabadili herufi, akazima akawasha, akitafuta la kunishika. Mwisho akagusa kitufe cha Hifadhi kwa kidole, akaacha alama kwenye kioo, akashuka ngazi. Alirudi na soda mbili baridi. Watu waliofanya naye kazi wanajua soda ya Bwana Mtulia ilikuwa kitu gani. Mwenzangu mmoja alikaa miaka sita hakuipata. Jioni ile ile nikapita Chang'ombe nikaifunga kwenye mashine ya Mama Tekla, na safari hii nikaifungua, nikaitazama, nikajaza kipuri kimoja, nikahifadhi, nikafuta, ndipo nikaenda nyumbani.

Ijumaa saa nne Bwana Kimaro alikuja na karatasi yake iliyochapwa, yenye vipuri kumi. Makarani wote walikuwa wamepata kazi za ghafla karibu na meza ile. Mama Tekla alikunja kile kitambaa chake cha waridi, akakiweka mapajani. Herufi zilikuwa kubwa kiasi kwamba mlinzi aliyesimama mlangoni angeweza kuzisoma. Nilisimama nyuma yake nimeshika kijiti cha Shaban mfukoni, nimekikaza mpaka kikaniachia alama.

Akajaza cha kwanza. Akageuka ukurasa wa pili, akajaza. Kisha akashuka na macho mpaka chini kulia, mausi imesimama mkononi. Nilidhani kimekwama kitu.

"Kumbe kipo," alisema.

Akabonyeza. Cha pili, cha tatu, vikafuatana, na kila alipozidi kwenda mgongo ulinyooka, hakuwa anainamia kioo tena. Kufika cha saba akasimama. Meneja akatazama saa. Mama Tekla akamwambia, kwa heshima kabisa, kwamba karatasi yake imekosewa: imeandikwa gasketi, lakini namba ile ni ya beringi, gasketi zote za bohari lile namba zake zinaanza na tisa. Bwana Kimaro akasema karatasi imetoka ofisini kwake. Mama Tekla akasema sawa, bosi, na beringi yenyewe iko rafu ya nne, safu ya juu, zimebaki mbili, moja sanduku limeloa. Mtu akatumwa. Akarudi na beringi mbili, sanduku moja limeloa.

Vikaisha kumi. Bwana Kimaro alivuta kiti akakaa mwenyewe, akazima mashine, akaiwasha, akafungua kimoja baada ya kingine. Vyote vilikuwemo. Akatoa kalamu kwenye suti, akatoa orodha ya majina ya mchana, akakata mstari mmoja mbele yetu, wala hakuinua macho. Makarani wakarudi kwenye kazi zao kwa kelele. Mie nililia, nasema ukweli, nililia kwenye choo cha bohari la vipuri nikatoka nimenawa uso, nikamkuta Mama Tekla yuko kwenye kipuri cha kumi na moja.

Aliingiza bohari zima. Alikaa pale miaka mingi baada ya hapo, na Bwana Kimaro alihamishwa yeye bado yupo. Alipoondoka, aliondoka kwa kutaka mwenyewe, watoto wameshamaliza, akarudi zake Masasi na kile kitambaa amekikunja kwenye pochi. Kijiti nilikaa nacho mie. Shaban alinidai mpaka anaingia kaburini, Mungu amrehemu, kila akikumbuka ananiambia ile saluni ya Kiwalani kibao chake cha pili hakikukaa vizuri kwa ajili yangu.

Basi nyie mliokuwa mnanisema kwa nini Bibi Zuhura anakatalia kioo chake kidogo wakati vikubwa vimejaa stoo, mmejua. Na mliokuwa mnachoka kila nikija kukuza herufi kwenye kazi zenu bila kuwaambia, nanyi mmejua.

Ijumaa ile ya mwisho mlinifungulia fomu ya kuondokea kazini, kwenye mfumo mliounda wenyewe, mie sikugusa hata mstari. Mkanipigia makofi, mkaenda kukata keki. Macho yangu siku hizi ndiyo ya Mama Tekla. Nilipobaki peke yangu nikafungua mipangilio, nikakuza herufi mpaka ile ya mwisho kabisa, ile mnayoiita ya bibi. Nikarudi kwenye fomu yenu. Nikajaza jina, nikajaza tarehe, nikageuka ukurasa wa pili nikajaza yaliyobaki. Halafu nikashuka na macho taratibu, chini kulia, moyo unanipiga kama binti wa siku ya kwanza kazini.

Kipo. Kikubwa, kizima, hakijakatwa popote. Nikakibonyeza, nikavaa viatu vyangu, nikaja kula keki.